Kipanya kilichosita saa mbili usiku: kisa cha waifai ya Ilazo

Nyumba yenyewe iko Ilazo, hapa Dodoma. Ina vyumba vinne, kuta za tofali za saruji, bati juu, dari ya jipsamu, nondo madirishani, na nyuma yake kuna banda la vyumba vitatu vya wapangaji. Mwenye nyumba ni mama aliyestaafu ualimu. Binti yake ni muuguzi: mchana yuko zamu, usiku anasoma shahada kwa njia ya mtandao. Vipindi vyake huanza saa moja na nusu usiku, siku nne kwa wiki. Kwa miezi miwili vilikuwa vinakatika, na mtihani wa muhula ulikuwa umebakiza wiki tano. Siku ya kwanza, tulipomaliza kusalimiana tu, mama aliniuliza huku ameinyooshea kidole ruta, kile kiboksi kinachogawa intaneti nyumbani: "Mwanangu, huyu mtoto atafeli kwa sababu ya kidude hiki?"

Kabla yangu walishapita mafundi wengine. Kampuni inayowapa faiba, yaani intaneti inayokuja kwa waya wa kioo, ilituma mafundi mara mbili. Walipima laini, wakaikuta safi, wakabadilisha ruta na kuondoka. Kisha duka moja mjini likawauzia busta, kile kiboksi cha kuchomeka ukutani kinachopokea waifai na kuirusha tena. Walikichomeka chumbani kwa muuguzi. Hali ikawa mbaya zaidi, na hilo nitalieleza.

Mimi nilifika saa nne asubuhi, na hapo ndipo nilipokosea. Tatizo la usiku nilikwenda kulitafuta mchana.

Kazi ya aina hii huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja, "mtandao". Kuna laini inayotoka nje kuja kwenye ruta, na kuna hewa kati ya ruta na kifaa chako. Kuvitenganisha ni rahisi. Unachomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, halafu unaiambia iipigie hodi ruta yenyewe, kila sekunde mara moja, na kuhesabu muda unaopita mpaka ruta iitikie karibu. Kwa kebo, jibu lilirudi chini ya milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa waifai, nikiwa sebuleni, milisekunde mbili hadi nne. Chumbani kwa muuguzi, kuta mbili za saruji mbele, tano hadi kumi. Hakuna hodi iliyopotea. Intaneti ya nje nayo ilikuwa shwari. Kwa majibu hayo ungesema nyumba haina ugonjwa.

Nikafungua programu ya kuorodhesha mitandao iliyo karibu. Ilitoka mitandao 19. Ilazo ya leo si ile ya kabla ya 2016, mwaka ambao serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa dhati. Watumishi wamekuja, nyumba zimebanana, na kila mpangaji ana ruta yake. Ruta ya mama ilikuwa chaneli 6 pamoja na nyingine tisa. Chaneli 1 ilikuwa na saba. Chaneli 11 ilikuwa na moja tu, tena ya mbali.

Kwa asiyezifahamu hizi namba: waifai ya zamani hutumia bendi (kipande cha mawimbi ya redio) ya gigahezi 2.4, kuanzia megahezi 2400 hadi karibu 2483. Bendi hiyo imegawanywa kwa chaneli zinazopishana kwa megahezi 5, lakini ruta moja hukalia upana wa megahezi 20. Kwa hiyo ukikaa chaneli 3 unawakanyaga wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Zinazokaa bila kukanyagana ni tatu: 1, 6 na 11. Ndiyo maana fundi akiona chaneli 11 iko tupu hufurahi kama mtu aliyepata kiti kwenye daladala saa kumi na mbili asubuhi. Nami nilifurahi. Nikahamishia ruta chaneli 11, nikapokea ujira wangu, nikaondoka.

Siku ya tatu muuguzi alinipigia. Hali ilikuwa ile ile, na kwa maneno yake, mbaya kuliko mwanzo. Nilimwomba kitu kimoja: achukue daftari na kila mtandao unapokufa aandike saa, chumba alichomo, na chochote kingine kilichokuwa kikiendelea, hata kama anakiona hakina maana. Nilimpa wiki moja.

Daftari lile ninalikumbuka ukurasa kwa ukurasa. Jumatatu: saa 2:00 usiku hadi 3:00. Jumanne: 2:00 hadi 2:55. Jumatano: 1:00 hadi 3:00. Alhamisi: 2:00 hadi 3:00. Jumamosi: 10:00 jioni hadi 12:00, kisha tena 2:00 usiku. Na pembeni ya Jumanne, kwa mwandiko mdogo, alikuwa ameongeza: "Hata kipanya kinasita."

Huyo muuguzi amezoea kuandika hali ya mgonjwa, na sentensi yake hiyo ilinisaidia kuliko vipimo vyangu vyote. Kipanya chake cha kompyuta hakikuwa na waya. Kilizungumza na kompyuta kupitia kijidude kilichochomekwa ubavuni mwake, umbali wa shibiri mbili. Hakihusiani na ruta wala faiba wala kifurushi. Kitu pekee ambacho kipanya kile na waifai yake vinashirikiana ni hewa ya gigahezi 2.4. Kama vyote viwili vinakwama saa ile ile, basi hewa yenyewe imechafuka.

Na saa je? Nilimsomea mama ile orodha kwa simu. Hakufikiri hata kidogo. "Saa mbili si taarifa ya habari? Na Jumamosi saa kumi si mpira?" Kuna kitu karibu na nyumba hiyo kilichokuwa kinawashwa wakati wa habari na wakati wa ligi. Tena, watu wakitazama mpira kwa wingi kupitia simu zao, kinacholemewa ni laini ya nje. Kipanya hakilemewi na wingi wa watu.

Nilirudi Jumanne, saa moja na robo usiku, nikiwa na kidude nilichokiunga mwenyewe: chipu ndogo ya redio ya bendi ya 2.4 iliyofungwa kwenye bodi ya kufundishia umeme. Kinapita megahezi moja baada ya nyingine, na kila kinaposikia nguvu yoyote, kiwe kimeielewa au la, kinachora mstari kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo tofauti yake na programu ya simu, na nataka msomaji aikamate vizuri. Programu ya simu inaorodhesha mitandao ya waifai peke yake, yaani wale wanaojitambulisha kwa lugha ya waifai. Kitu kinachopiga kelele kwa lugha nyingine kwenye masafa hayo hayo, programu hiyo haikioni kabisa. Chaneli inaweza kuonekana tupu kwenye simu na huku imejaa pomoni.

Kwanza tuliondoa washukiwa wa ndani. Mama ana maikrowevu, na maikrowevu hufanya kazi karibu na megahezi 2450, katikati kabisa ya bendi. Tuliweka kikombe cha maji ndani, tukaiwasha dakika mbili, nikaangalia hodi. Zilipanda hadi milisekunde 30, 40, lakini ziliendelea kujibiwa. Ndivyo ilivyo kwa maikrowevu za kawaida: kwa umeme wetu wa hezi 50 hupiga kelele nusu ya kila mzunguko na kunyamaza nusu nyingine, kiasi cha milisekunde 10 kwa 10, na waifai hupenya kwenye ule ukimya. Inasumbua, haiui. Tena hakuna anayepasha chakula saa nzima kila siku.

Saa mbili kasoro dakika mbili tulikuwa mezani chumbani kwa muuguzi, kompyuta inahesabu hodi: 6, 5, 7, 6. Kutoka mbali tukasikia mlio wa televisheni, ile midundo ya kufungulia taarifa. Hodi ya kwanza ikarudi kwa 180. Ya pili 410. Ya tatu haikurudi. Ya nne haikurudi. Kwenye skrini ya kidude changu palikuwa pameota kichuguu kuanzia karibu megahezi 2441 hadi 2459, kimetulia tuli, hakipepesi wala hakipumui. Muuguzi alishika kipanya akakisogeza. Mshale ukabaki pale pale, kisha ukaruka hadi pembeni ya skrini.

Sikutaka kubahatisha. Niliunganisha ruta kwenye betri ndogo, mama akazima swichi kuu ya umeme. Nyumba nzima ikawa giza. Kichuguu hakikutikisika. Chanzo kilikuwa nje ya nyumba.

Hapa inafaa kueleza kwa nini kelele ya namna hiyo inaua kuliko ruta kumi za majirani. Waifai ina adabu ya barazani: kabla ya kusema, kila kifaa husikiliza kwanza, na mwingine akiwa anaongea husubiri zamu. Ruta tisa kwenye chaneli moja zinapunguziana kasi, lakini zinasikilizana na kazi inakwenda. Mgeni asiyejua lugha na asiyenyamaza anaivuruga baraza kwa njia mbili. Nguvu yake ikizidi takriban desibeli hasi 62 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) pale kifaa kilipo, kifaa hudhani kuna mtu anaongea na kusubiri zamu ambayo haifiki. Ikiwa chini ya hapo, kifaa kinathubutu kusema, lakini maneno yanachafuka njiani na kurudiwa na kurudiwa. Chumbani kwa muuguzi ilikuwa ile ya kwanza, sebuleni ile ya pili. Chaneli 6 hukalia 2427 hadi 2447, na 11 hukalia 2452 hadi 2472. Angalia kichuguu kilipo: kimeimega ya 6 juu na ya 11 chini. Kile kiti kitupu nilichokifurahia kilikuwa na moto chini yake.

Na busta? Yenyewe hupokea kila kitu hewani na kukisema tena hewani, kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo hata siku njema inakula karibu nusu ya nafasi. Wao waliichomeka katika chumba chenye kelele kali kuliko vyote. Niliichomoa usiku ule ule. Sijawahi kumshauri mtu aanze na busta, na kila nikiona familia imetoa pesa yake kwa ajili hiyo bila mtu kupima kwanza, huwa naumia.

Usiku ule nilihamishia ruta chaneli 1, kwenye ile mitandao saba. Hodi zikashuka hadi 15, 20, na muuguzi akamaliza kipindi chake. Chaneli yenye watu saba wenye adabu ilikuwa bora kuliko ile iliyoonekana tupu.

Tukatoka kutafuta. Sikuwa na antena ya kuelekeza, ila mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hunyonya mawimbi ya 2.4. Unakikumbatia kifaa kifuani, unageuka taratibu, na pale kelele inapofifia kabisa, chanzo kiko mgongoni kwako. Nilifanya hivyo uani kwa mama, kisha kwenye kona ya uzio, kisha kwenye njia ya nyuma. Mara zote tatu mgongo wangu ulielekea nyumba moja: ya mzee jirani, upande wa magharibi, ukuta kwa ukuta na chumba cha muuguzi.

Sikwenda peke yangu. Fundi asiyejulikana akigonga geti la mtu usiku na kumwambia kifaa chako kinaharibu, amekaribisha ugomvi. Mama alitangulia. "Mbukwenyi!" akaita getini kwa salamu ya Kigogo, mzee akaitika toka nyuma ya nyumba, nami nikafuata na shikamoo yangu. Tulimkuta kwenye kibanda chake cha makuti na wazee wenzake watatu, bao katikati, birika la kahawa kwenye mkaa, na televisheni ndogo kwenye meza. Upepo wa Dodoma wa jioni ulikuwa unavuma. Mahali pazuri pa kutazamia habari.

Nyuma ya televisheni ile palikuwa na kiboksi cheusi chenye antena bapa. Kingine kama hicho kilikuwa sebuleni, juu ya king'amuzi. Ni vile vifaa vya kurusha picha na sauti kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ubavuni vina swichi ya nafasi nne, na kila nafasi ni masafa yake: 2414, 2432, 2450 na 2468. Cha mzee kilikuwa nafasi ya tatu. Kifaa cha namna hii hakisikilizi kwanza wala hakingoji zamu. Kikiwashwa kinarusha mfululizo, iwe picha inabadilika au la.

Mama alimweleza habari ya binti na mtihani. Mzee akaniuliza, "Sasa mwanangu, unataka nifanye nini?" Nikamwomba azime kile kiboksi kwa dakika moja tu. Akainuka mwenyewe, akaenda sebuleni, akachomoa. Picha ya kibandani ikageuka chengachenga. Simu yangu ikaita, muuguzi kutoka chumbani: "Fundi, kipanya kimeamka."

Kisheria mzee hakuwa na kosa, na hili nililisema mbele ya wote ili asione amehukumiwa. Bendi ya 2.4 ni ya vifaa vya viwandani, vya kisayansi na vya tiba tangu makubaliano ya kimataifa ya 1947, ndiyo maana maikrowevu ziko humo. Mawasiliano ya nguvu ndogo yaliruhusiwa baadaye bila leseni. Marekani ilifungua mlango huo 1985, na kanuni ya kwanza ya waifai ikatoka 1997. Sharti lake ni kwamba anayetumia huvumilia kelele za wenzake. Hakuna mwenye haki ya kumfukuza mwingine.

Mzee naye alikuwa na malalamiko yake. Akaniambia picha ya kibandani imekuwa na mistari ya kukatakata tangu mwaka ulipoanza. Zamani swichi yake ilikuwa nafasi ya kwanza na picha ilikuwa safi. Kisha kwenye banda la mama akahamia mpangaji mtumishi, mistari ikaanza, na mjukuu akamsogezea swichi hadi nafasi ya tatu. Nilimuuliza lini. "Miezi miwili hivi."

Nafasi ya kwanza ni megahezi 2414. Ruta ya mpangaji mpya iko chaneli 1, ambayo katikati yake ni 2412. Ruta ile ndiyo iliyomhamisha mzee, na mzee alipohama akaangukia kwa muuguzi. Kisha busta ya muuguzi ikaongeza mistari kwenye picha ya mzee. Miezi miwili majirani wawili wanaopeana chumvi waliumizana bila yeyote kujua.

Jumamosi asubuhi nilifanya kazi nyumba zote mbili. Kwa mzee nilivuta waya wa antena, mita 28, kutoka tundu la king'amuzi hadi televisheni ya kibandani, ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa shibiri moja. Gharama yake haikufika nusu ya bei ya ile busta, na mama alisisitiza kuilipa yeye. Viboksi viwili mzee aliviweka kabatini.

Kwa mama niliishusha ruta kutoka juu ya friji, ilikokuwa imebanwa kati ya chuma na ukuta, nikaifunga ukutani kwenye korido, juu ya kimo cha mtu, usawa wa milango yote. Hatua hiyo peke yake iliongeza mawimbi chumbani kwa muuguzi kwa desibeli 9, yaani karibu mara nane. Nilipitisha kebo darini hadi banda la wapangaji na kufunga huko kituo cha pili cha waifai chenye jina na nywila ile ile. Ruta ya korido niliiweka chaneli 11, ya banda chaneli 1, zote kwa upana wa megahezi 20. Ruta nyingi hutoka dukani zikiruhusu 40, ambayo kwenye mtaa uliobanana ni kukalia bendi nzima bila faida. Bendi ya gigahezi 5 niliiweka chaneli 44. Chaneli za 52 hadi 144 huilazimu ruta kuwapisha rada, na ikisikia kitu inahama ghafla katikati ya kipindi. Gigahezi 5 haina msongamano, ila ukuta wa saruji unaikata sana, kwa hiyo simu za sebuleni ndizo zilizofaidi. Kompyuta ya muuguzi ni ya zamani na haina bendi hiyo kabisa.

Mezani kwake nilishusha kebo. Meza haihami, na kitu kisichohama hakina sababu ya kugombania hewa. Mtu anaweza kusema hiyo kebo ingetosha tangu siku ya kwanza, na kwa vipindi vyake ni kweli. Lakini kamera ya getini inatumia 2.4 tu, simu ya mama ni hiyo hiyo 2.4, na mpangaji wa chumba cha mwisho anaendesha biashara yake kwa simu. Hao wangeendelea kukatika kila saa mbili na kuilaumu kampuni ya faiba.

Jumatatu usiku nilikaa tena pale mezani, saa mbili kasoro hadi saa tatu, kompyuta ikipiga hodi kwa waifai makusudi. Hodi 3,600, zilizopotea nne, ndefu kuliko zote milisekunde 31. Muuguzi alifanya mtihani wake kwenye kebo, saa mbili unusu usiku wa Alhamisi, taarifa ya habari ikisikika toka kwa jirani. Mzee amenitumia ujumbe tangu wakati huo, mara moja: picha haina mistari, ila wajukuu wamekata waya kwa jembe, nije lini?